Mwachie Mtoto Kipanya

Ndugu msomaji, iwapo nyumbani kwako yupo kijana aliyepata nafasi ya kwenda chuo kikuu mwaka huu, bila shaka maandalizi yake unayajua. Godoro, ndoo mbili, shuka, pasi, vyeti vilivyotolewa nakala na kugongwa mhuri, na akiba ndogo ya fedha kwenye simu. Hapa kwetu Chanika tutaongeza na mfuko wa korosho za kubanga ili mtoto asisahau nyumbani. Hayo yote ni mema. Lakini lipo jambo moja ambalo wazazi na walezi wengi hatulifungashi. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kwa kutolifungasha huko nusura nimrudishe nyumbani mtoto wa marehemu kaka yangu.

Yafaa nieleze tangu mwanzo. Binti huyu amelelewa na mama yangu, yaani bibi yake, tangu akiwa darasa la pili. Ni wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo kikuu. Mimi nilisoma stashahada ya uandishi wa habari, nikaishia hapo. Matokeo yake ya kidato cha sita yalipotoka nyumba nzima ilishangilia, nami kwa kuwa ndiye mtu wa ofisi katika familia, nikajitwisha kazi ya kumwombea nafasi. Siku hizi maombi ya chuo, na yale ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hufanywa kwa mtandao. Nikamwita ofisini Jumamosi moja. Mimi nikakaa kitini, yeye akasimama nyuma yangu. Nikamfungulia anwani ya barua pepe. Nikamchagulia nywila, yaani lile neno la siri la kuingilia. Pale palipotakiwa namba ya simu nikaandika ya kwangu. Kila aliponyoosha kidole kuuliza, nilimjibu, "Subiri kidogo mama, ngoja nimalize." Baada ya saa moja na nusu kazi ilikwisha, nikajiona shangazi wa kupigiwa mfano.

AMERUDI NYUMBANI

Wiki ya usajili nilikuwa Kilosa kwa kazi za gazeti, na simu yangu haikupatikana kutwa nzima. Niliporudi Chanika usiku wa siku iliyofuata, nilimkuta binti ameketi mkekani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uko hapa? Chuo kimefungwa?"

Hakujibu. Bibi yake ndiye aliyejibu: "Huyu hataki kurudi."

Ilituchukua muda kumtoa maneno. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu kosa halikuwa lake. Siku ile wanafunzi wapya walipelekwa kwenye maabara ya kompyuta ili kila mmoja ajisajili na kuchagua masomo yake. Ni chumba kirefu chenye baridi ya mashine, viatu vinavuliwa mlangoni, na jina na saa ya kuingia vinaandikwa katika daftari. Binti akapata kiti. Amekuwa na simu ya kupangusa tangu alipomaliza kidato cha nne, na kwa simu hiyo anaweza kufanya mambo ambayo mimi siyawezi. Basi akafanya alilolizoea: akakigusa kioo kwa kidole. Hakikufanya kitu. Akakigusa tena. Kijana wa kando yake akacheka, si kwa sauti kubwa, lakini akacheka.

Akatazama wenzake wanavyofanya, akaiga, akafika mahali pa kuandika jina na nywila. Jina alilijua. Nywila hakuijua. Akajaribu maneno aliyodhani aliniona nikiyaandika siku ile, nayo mashine ikayakataa moja baada ya jingine, mwishowe ikamfungia. Akanipigia simu mara nne. Kisha, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa pale muda mrefu mikono ikiwa mapajani, akikitazama kioo kana kwamba anasoma, ili asionekane hajui. Nje watu walikuwa wamepanga foleni. Akainuka. "Nikampisha mwenzangu," alisema. Usiku ule hakulala bwenini. Alipanda daladala ya kurudi Chanika.

Nilimwuliza kwa nini hakumwendea msimamizi wa maabara. Methali yetu husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na shuleni ameiandikia insha. Akanitazama. "Ningemwuliza nini, shangazi? Ningemwambia nywila yangu anaijua shangazi yangu?"

Nikafungua kinywa nimtajie nywila hiyo mara moja ili mambo yaishe. Sikuikumbuka. Ilikuwa imekumbukwa na mashine ya ofisini kwa niaba yangu.

MASHINE YA BIBI

Usajili ulikuwa umebakiza siku mbili. Asiyesajiliwa hatambuliwi kuwa mwanafunzi, na fedha za mkopo haziwezi kumfikia. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumbembeleza, mama yangu akainuka, akaingia chumbani, akatoka na mashine yake ya kupiga chapa ikiwa imefunikwa kitenge kilichochakaa.

Mama alisomea uhazili Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo kompyuta hapa nchini zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Barua za serikali zilipita mikononi mwa wapiga chapa. Mama alipiga nakala tano kwa karatasi za kaboni bila kutazama vidole, na alijua kwamba kosa moja kwenye stensili lingechapwa mara mia mbili.

Mashine hizi mpya zilianza kuonekana kwa wingi maofisini katika miaka ya 1990, na katikati ya miaka hiyo moja ikaletwa ofisini kwao. Kisa hiki nilikuwa sijawahi kukisikia, ingawa nilizaliwa na kukulia mikononi mwake.

"Walimleta kijana mmoja hodari," alisema. "Alikuwa na heshima, si mtu mbaya. Nikimkaribia kuuliza, ananiambia, 'Mama, kaa pembeni, tutakufanyia.' Nikakaa pembeni wiki ya kwanza. Nikakaa pembeni mwezi. Baadaye wakasema sijui kompyuta, wakanihamishia masjala. Nimebeba mafaili mpaka nikastaafu." Akafuta vumbi kwenye mashine kwa pindo la kitenge. "Nawe umemfanyia mwanangu hivyo hivyo."

Ndugu msomaji, sikuwa na la kujibu. Miaka yote nilidhani mama alihamia masjala kwa sababu ya macho.

Kisha akamwita mjukuu wake, akamwekea vidole vya mkono wa kushoto juu ya A, S, D na F, na vya mkono wa kulia kuanzia J. Mpangilio huo wa herufi ulitokana na mashine aliyoibuni Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na ndio uliohamia kwenye kibodi ya kompyuta karibu bila kubadilika. Binti akafungua simu yake, akaitazama picha ya kibodi, akatazama mashine ya bibi. "Kumbe ni ile ile," alisema. Wakaendelea mpaka saa sita usiku, tak-tak-tak, majirani wakidhani tunapigilia misumari.

KUTWA MOJA MAABARA

Tuliondoka Chanika saa kumi na nusu alfajiri, tukapita Pugu na Gongo la Mboto, tukabadili gari Buguruni. Njiani nilijiwekea sharti moja: nitakaa kando yake, na mikono yangu nitaikalia. Msimamizi wa maabara alikubali niingie baada ya kumweleza kisa chetu. Aliongeza kwamba kila mwaka huwaona wengi wa aina hii, na kwamba wanaompa taabu si wanaouliza, bali wanaojifanya wanajua.

Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa faida ya yule ambaye mtoto wake anakwenda, au ambaye anakwenda mwenyewe akiwa mtu mzima.

La kwanza ni kujua kilichopo mezani. Kioo si kompyuta. Kioo huonyesha tu. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni lile sanduku lililo chini au kando yake. Kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kubonyeza kitufe kikubwa cha kuwashia, kwa maana huenda mashine imesinzia tu, nawe utaizima kabisa. Tikisa kipanya kwanza.

La pili ni kipanya chenyewe. Kifaa hiki alikionyesha hadharani Mmarekani Douglas Engelbart huko San Francisco, Desemba 1968, na cha kwanza kabisa kilikuwa na ganda la mbao. Kazi yake ni kuusogeza ule mshale ulio kwenye kioo. Mimi mwenyewe mwaka 2010, siku yangu ya kwanza chuoni, nilikiinua hewani nikakielekeza kwenye kioo kama mtu anayebadili stesheni ya televisheni, na kicheko cha darasa kile nakisikia hata leo. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyenieleza: kukiinua kipanya si kosa. Meza ikikwisha nao mshale haujafika, kiinue, kirudishe katikati, uendelee. Mshale utakungoja palepale. Binti alipolijua hilo mkono wake ulilegea. Kitufe cha kushoto ukikibonya mara moja unachagua kitu. Ukikibonya mara mbili kwa haraka unakifungua.

La tatu ni jina na nywila, nalo ndilo lililotutoa Chanika. Katika maabara ya chuo mashine si ya mtu mmoja. Leo utakaa ya dirishani, kesho ya mlangoni. Jina lako na nywila yako havikai katika mashine iliyo mbele yako, bali katika kompyuta kuu inayozihudumia zote. Nilimpa mfano wa sanduku la posta. Jengo la posta ni la wote, na yeyote huingia, lakini sanduku lina namba yake, na ufunguo ni wako. Akanijibu papo hapo: "Basi shangazi, wewe ulikodi sanduku kwa jina langu, ukaondoka na ufunguo." Ndivyo ilivyokuwa. Ilibidi tuombe ufunguo mpya, na namba za uthibitisho zikaja kwenye simu yangu, maana ndiyo iliyoandikwa. Nilimsomea, akaandika mwenyewe. Kisha akaiondoa namba yangu na kuweka ya kwake, akachagua nywila mpya huku mimi nimegeuza uso ukutani.

Hapa pana mitego miwili. Unapoandika nywila, mashine haionyeshi herufi, huonyesha vitone tu. Wapo wanaodhani imekataa, wakafuta na kuanza tena bila mwisho. Pia mashine hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kama kitufe cha kufungia herufi kubwa kimewashwa, nywila sahihi itakataliwa. Mtego huu wa pili binti aliutambua bila kuambiwa, kwa sababu mashine ya bibi ina kitufe cha namna hiyo hiyo.

La nne ni kuhifadhi. Unachokiona kwenye kioo bado ni kama maneno ya mdomoni; umeme ukikatika, yamekwenda. Hifadhi kila baada ya aya, na hifadhi mahali panapofuatana na jina lako au katika kifaa chako, si juu ya mashine ya maabara, kwa sababu yatakayobaki pale wenye zamu wanaweza kuyafuta jioni.

La tano, ambalo hata sisi wa maofisini tunalipuuza, ni kutoka. Kuinuka kitini si kutoka. Usipofunga kwa jina lako, atakayekaa baada yako ameketi ndani ya chumba chako.

Sitaficha kwamba kutwa ile ilikuwa ndefu. Alibonyeza pasipotakiwa, ukurasa mzima wa masomo ukapotea, akaanza upya. Akaupoteza tena. Mara tatu mkono wangu ulichomoka wenyewe, nikaurudisha chini ya paja. Kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa robo saa ilimchukua saa mbili na ushee. Watu wa foleni walituangalia kwa macho makali, nami sikuwalaumu. Mwishowe jina lake likatokea na namba ya usajili kando yake. Hakushangilia. Aliichukua kalamu, akainakili namba ile katika daftari, akafunga, akainuka, akangoja mashine nyingine ipate nafasi, akaingia tena kwa jina lake ili ahakikishe kwamba namba ipo kweli hata akiwa kiti kingine. Ilikuwapo.

LUGHA YA MASHINE

Kuna neno la kusema kuhusu lugha. Maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Binti anakijua Kiingereza cha vitabuni, lakini mtu aliyekwisha kuona haya husoma neno analolijua akalishuku. Kila nilipomweleza kwa Kiswahili alichokisoma, bega lake lilishuka. Si kwamba mashine haziwezi kusema lugha yetu. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi uliojulikana kama Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maelekezo ya Kiswahili. Ili kuifikisha hapo ilibidi wakae na kutafuta maneno ya vitu ambavyo havikuwa na majina kwetu. Leo mmoja atasema kipanya na mwingine puku, mmoja kompyuta na mwingine tarakilishi, hakuna ubaya. Ubaya ni kumwacha mtoto ajifunze kitu kigeni kwa lugha ya kigeni peke yake, kisha tukashangaa kwamba ameogopa.

Wazazi wenzangu, sikushaurini mkanunue kompyuta. Najua bei zake, na najua mishahara. Hata hapa Chanika sokoni ipo steshenari ambako kwa fedha isiyozidi nauli ya kwenda mjini mtoto atakaa saa nzima mbele ya mashine. Mpeleke kabla ya siku ya chuo. Mwache aandike barua yake mwenyewe ya ukurasa mmoja, aihifadhi, aifunge, aifungue tena. Anwani yake ya barua pepe aifungue mwenyewe, kwa namba yake mwenyewe, na nywila yake usiijue. Nawe kaa pembeni. Safari hii pembeni ni mahali pako.

Tunaojua tunakosea kwa haraka yetu. Mtu akikwama, tunamsogeza, tunashika kipanya, tunabonyeza mara tatu, tunamwambia, "Umeona?" Hajaona. Ameona mgongo wetu. Na kwa kuwa tumemsaidia, hawezi hata kutulaumu.

Likizo iliyopita binti alirudi nyumbani, akamchukua bibi yake hadi steshenari ile ile ya sokoni. Nilikwenda nao. Mama alivaa miwani, akaweka vidole juu ya A, S, D na F, akaanza kumwandikia barua dada yake wa Tabora. Kila alipofika mwisho wa mstari alipiga kitufe cha kushukia, kama alivyozoea kuurudisha mkono wa mashine yake, ingawa kompyuta hushuka yenyewe. Na penye tarakimu moja alipiga herufi ndogo ya l, kwa sababu mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. Mistari ikawa inakatika ovyo.

Nikamwona binti ananyoosha mkono kwenda kwenye kibodi. Ukafika katikati, ukasimama. Akaurudisha, akaukalia.

"Endelea, Bibi," alisema.